Fishi Isiyo na Jina

Bujumbura, 5 Agosti 2002

Kwa Mama Noella, ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana, Kasenga, Uvira

Mama,

Mimi naitwa Bertrand. Ndiye niliyepewa kazi ya kutengeneza programu ya kompyuta itakayochukua nafasi ya fishi zenu, zile kadi za karatasi mnazowaandika watu. Frédéric, yule anayevuka na mawese kila wiki, atakukabidhi disketi nne. Ziingize kwa kufuata namba niliyoandika juu ya kila moja.

Programu ina nafasi tisini na nne za kujaza, nimezigawa katika kurasa saba. Vichwa vya kurasa viko juu ya kioo. Ukibonyeza kichwa, ukurasa wake unafunguka. Nafasi za kila ukurasa nimezipanga kwa alfabeti ili usihangaike kuzitafuta. Chini kuna vitufe kumi na viwili katika mstari mmoja, vyote vya ukubwa mmoja. Kwa macho inapendeza.

Jina la mtu ni lazima. Bila jina, mashini haihifadhi fishi.

Ukishaingiza fishi za kwanza, jaribu kitufe cha Tafuta. Kwa majaribio tumia jina Akimana, mwanamke, asili yake Katogota, umri kama miaka ishirini na minne. Niandikie mashini imejibu nini.

Bertrand


Kasenga, 14 Agosti 2002

Ndugu Bertrand,

Disketi zimefika, zinanukia mawese lakini zinafanya kazi. Michée, kijana ninayefanya naye kazi, ameingiza zote nne bila kuvunja kitu. Tunapata umeme wa jenereta saa mbili kwa siku, kwa hiyo nitasema haraka.

Mashini yako ni nzuri. Mpangilio wake ni wa mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya mwenye shida. Jana alikuja mama mmoja wa hapa Kasenga, Ernestine, anatafuta mtoto wake. Nikafungua ukurasa wa kwanza, na kwa kuwa alfabeti inaanza na A, nafasi ya kwanza ni Alama za Mwili. Basi nimuulize kovu kabla sijamuuliza mtoto? Nilifunga mashini nikachukua kalamu.

Nikueleze watu wanavyosema. Mtu akikaa kwenye kiti hasemi "jina langu ni fulani". Anasema: "Miye niko natafuta mutoto yangu." Anayetafutwa ndiye wa kwanza. Halafu anasema wametoka wapi, halafu wameachana wapi na siku gani. Yeye mwenyewe ni wa mwisho, mpaka umuulize. Kwako anayetafutwa yuko ukurasa wa sita.

Na hili la jina. Mimi nimeishi Kasenga miaka kumi na tisa. Uliza mtaani "Noella anakaa wapi", watakuonyesha barabara ya kurudi kwenu. Uliza Mama Eugène, watakuleta mpaka mlangoni. Wanawake wengi kwenye fishi zetu wameandikwa hivyo hivyo, kwa mtoto wao, maana hata jirani aliyewaleta hajui jina la ubatizo. Mashini yako inawakataa. Nimeanza kuwaweka kwenye katoni yao peke yao. Leo wamefika sitini.

Akimana wa Katogota hayupo. Mashini imesema sifuri.

Noella (Mama Eugène)


Bujumbura, 20 Agosti 2002

Mama Noella,

Nashukuru kwa maoni. Nitapunguza kurasa ziwe tano. Kuhusu alfabeti, nakuomba uvumilivu. Mwanzoni kila mpangilio ni mgeni, baada ya wiki mbili vidole vinazoea.

Kuhusu jina siwezi kukubali. Mashini inamtambua mtu kwa jina. Fishi bila jina si fishi, ni karatasi tu. Kuna nafasi ya "Wanamwita" ukurasa wa saba, kwenye Maelezo Mengine, lakini kitufe cha Tafuta hakifiki huko. Waulizeni vizuri watataja majina yao.

Tafadhali rudia jaribio la Akimana kila mnapofikisha fishi mia mpya. Jaribu pia kwa umri wa ishirini na tatu, na asili Luberizi badala ya Katogota.

Bertrand


Kasenga, 2 Septemba 2002

Ndugu Bertrand,

Umesema vidole vitazoea. Vya Michée vimezoea vibaya. Kitufe cha Hifadhi na kitufe cha Futa umevikalisha bega kwa bega, ukubwa mmoja, rangi moja. Jumanne amefuta fishi kumi na moja alizotoka kuandika. Najua mashini inauliza kwanza "Una hakika?" Ndugu yangu, kwenye barabara zetu mtu akiulizwa na mwenye bunduki anajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Michée amejibu ndiyo mara kumi na moja. Hakula mchana ule kwa aibu. Bahati karatasi tunazo bado.

Lakini hatutakuwa nazo siku nyingi. Abbé Anastase, padri aliye mkuu wetu, amesema mwisho wa Oktoba katoni zote zitoke. Chumba kinatakiwa kwa magunia ya maharage ya mbegu. Anasema kilichomo kitakuwa kwenye mashini, kwa hiyo karatasi ni za nini tena. Nilimwonyesha katoni ya waliokataliwa. Wamefika mia nne na kumi na wawili. Akaniambia: "Mama Eugène, mumuandikie muingénieur arekebishe." Ndiyo nakuandikia. Usiporekebisha, watu mia nne na kumi na wawili watatupwa nje wakiwa hai.

Sikiliza ninavyofanya kazi, halafu panga kioo chako kifuate. Fishi mpya ikiingia, kabla sijaiweka kwenye katoni, naangalia kama mwenyewe naye anatafutwa. Wawili wakikutana, nazitoa fishi zao, nazigeuza zitazamane, nazifunga kwa uzi. Uzi wanafunga wenyewe, siyo mimi. Ukiniuliza, vitufe vya lazima ni vitatu: Hifadhi, Tafuta, na cha kuunganisha, ambacho kati ya vyote kumi na viwili hukuweka.

Jambo la mwisho. Umenituma kumtafuta Akimana mara tano. Ana ishirini na nne, ana ishirini na tatu, ametoka Katogota, ametoka Luberizi. Nimefundisha shule miaka kumi na mbili, mwanafunzi anayejidai anauliza kwa ajili ya rafiki yake namjua. Huyu Akimana ni nani?

Noella


Bujumbura, 8 Septemba 2002

Mama Noella,

Ni dada yangu. Tumezaliwa wawili tu. Agosti ya tisini na nane, vita vilipofika kwenye tambarare, tulitoka Katogota pamoja. Kwenye mto Ruzizi mtumbwi ulijaa. Mwenye mtumbwi alinishika mkono akanivuta, Akimana akabaki ng'ambo. Nilimpigia kelele asubiri mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa pili ulikuja bila yeye. Tangu hapo sijasikia neno wala sijavuka kurudi.

Kazi hii sikupewa, niliiomba. Nilifikiri nikiitengeneza vizuri mashini itanitolea jibu. Naomba hili libaki kwako. Michée asijue, na Abbé pia. Sitaki waseme nimetengeneza kitu cha watu wote kwa ajili ya mtu mmoja.

Nimekesha na barua yako. Nimebomoa kurasa zote. Disketi hizi zina ukurasa mmoja mkubwa, unafuata kiti chako: juu kabisa Anatafuta Nani, chini yake Wametoka Wapi, halafu Wameachana Wapi na Lini. Katikati kuna Wanamwita, na pembeni yake Jina, ambalo si lazima tena. Alama za mwili ziko chini. Vitu vya wakubwa, kama namba ya ripoti, nimevisukuma ukurasa wa pili, mtavifungua mkitaka. Futa nimekitoa kwenye mstari, kiko juu kwenye kona ya mbali, na hakifanyi kazi mpaka uandike neno FUTA kwa mkono. Ukihifadhi fishi mpya, mashini yenyewe itaangalia kama mwenyewe anatafutwa, na itakuambia.

Kitufe cha Unganisha kipo. Nilikuwa sijui kama kinahitajika. Samahani.

Bertrand


Kasenga, 16 Septemba 2002

Mwanangu Bertrand,

Kuanzia leo nakuita hivyo, ukikataa shauri yako.

Ukurasa mpya umefunguliwa jana mchana. Mzee wa kwanza aliketi, akaanza kusema, nami nikaanza kuandika, na tulimaliza pamoja. Sikurudi juu hata mara moja. Michée ameandika fishi arobaini bila kufuta mtu. Anasema "muingénieur amepata akili", nami nikamwambia akili alikuwa nayo, alikosa kiti.

Sasa wewe. Nina mashini mbele yangu na nafasi ya kwanza inaniuliza Anatafuta Nani. Niruhusu nikufungulie fishi. Kumtafuta Akimana kwa kitufe ni nusu ya kazi, maana labda na yeye anakutafuta wewe, na wewe humu ndani hupo. Waliotutangulia walisema mficha uchi hazai. Nimemzika mume wangu kwa ugonjwa aliouficha, kwa hiyo sisemi methali kwa kujipamba.

Noella


Bujumbura, 23 Septemba 2002

Mama Noella,

Nimefurahi kwa mzee huyo na kwa fishi arobaini.

Fishi yangu, hapana. Fundi wa mlango hajipangi kwenye foleni ya mlango. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuisema mbele ya watu. Kwako nitasema nyingine: naogopa. Sasa hivi sifuri ya mashini ni ya jaribio. Nikifungua fishi, sifuri itakuwa yangu.

Tafadhali maliza katoni ya waliokataliwa kwanza. Mimi ndiye niliyewakataa.

Bertrand


Kasenga, 10 Oktoba 2002

Mwanangu,

Haraka. Frédéric anasema leo ndiyo mara yake ya mwisho kuvuka mpaka mambo yatulie. Watu wa milimani, wenye bunduki, wanaonekana karibu na mji, na wenye duka hapa kwetu wamefunga tangu juzi.

Tumemaliza. Fishi elfu mbili mia tisa na kumi na nne. Michée amechukua katoni ya waliokataliwa yote peke yake, nilitaka vidole vyake vijisamehe. Jenereta lilipokata alikaa akisubiri, hakwenda nyumbani. Nimenakili kila kitu kwenye disketi sita. Zihifadhi huko. Mimi za kwangu ziko ndani ya mashini, na karatasi ziko kwenye katoni mpaka Abbé alete maharage.

Akimana, sifuri. Niwie radhi.

Noella


Bujumbura, 21 Oktoba 2002

Mama Eugène,

Sijui kama barua hii itakufikia. Kwa siku saba tumesikia mizinga upande wenu. Kila asubuhi nakwenda pale Gatumba, mpakani, kuuliza wanaotoka Uvira. Nilikuwa nauliza "mnamjua Noella?" na wote wanatikisa kichwa. Jana nikakumbuka nikauliza Mama Eugène. Mwanamke mmoja mwenye godoro kichwani akasema: "Eh, ule wa makatoni? Nilimuona Jumamosi, iko muzima."

Niandikie hata mstari mmoja.

Bertrand


Kasenga, 1 Novemba 2002

Mwanangu,

Niko mzima, Eugène mzima, Michée mzima. Abbé Anastase alipigwa lakini anatembea.

Mashini imekwenda. Wenye bunduki waliingia ofisini siku ya pili ya vita, wakachukua mashini, jenereta, viti na saa ya ukutani. Waliokuja baada yao wakakaa mle siku tano, wakapikia katoni. Niliporudi nilikuta majivu kwenye mafiga matatu, na kipande kimoja cha karatasi kilichobaki na neno "anatafuta". Nilikaa chini nikalia, sikuona haya. Miaka minne ya watu.

Kwa hiyo kilichobaki duniani ni disketi sita ulizo nazo. Fungua uangalie kama ni nzima. Kama zimekufa niambie wazi, usinipambie.

Noella


Bujumbura, 6 Novemba 2002

Mama Eugène,

Disketi ni nzima, zote sita. Nimezinakili mara tatu na kuziweka katika nyumba tatu. Fishi zote elfu mbili mia tisa na kumi na nne zipo.

Sasa nikueleze la jana, na nitalieleza taratibu.

Nilitaka kujaribu kama kila kitufe kinafanya kazi baada ya safari. Ili kujaribu Hifadhi lazima kuwe na fishi mpya. Nilikuwa nianze kuandika jina la uongo, nikaona haya. Watu wameteketea kwenye karatasi na mimi bado naandika majina ya majaribio. Nikaketi kama wanavyoketi watu mbele yako. Anatafuta Nani: Akimana, dada yangu. Wametoka Wapi: Katogota. Wameachana Wapi: kwenye Ruzizi, Agosti 1998. Jina: Bertrand. Kazi ya zamani: fundi wa radio. Wanamwita: hapo niliacha tupu, hakuna anayeniita chochote. Nikabonyeza Hifadhi.

Mashini ikasema: Mtu huyu anatafutwa. Fishi moja.

Nakuandikia ilivyo. Namba 2377. Wanamwita: Mama Libérate. Jina: tupu. Asili: Katogota. Anatafuta: kaka yake Bertrand, alikuwa anatengeneza radio, alivushwa Ruzizi Agosti 1998. Alama: mkono wa kushoto umeungua kwa mawese. Mahali alipo: Mboko, kwa wavuvi. Aliyemuuliza: katekista Basile, mwezi wa tatu. Aliyeingiza: Michée, tarehe 7 Oktoba.

Ule mkono ni mimi niliyeuunguza. Nilikuwa na miaka tisa, nilipita mbio jikoni nikagonga sufuria. Na Libérate ni jina la mama yetu. Dada yangu amezaa, na mimi nilikuwa namtafuta kwa jina ambalo hakuna mtu Mboko anayelitumia.

Nimefikiria jana kutwa. Tangu mwezi wa tatu alikuwa kwenye katoni yako. Mwezi wa nane mashini yangu ilimkataa, na nilipoambiwa nikakujibu kwamba fishi bila jina si fishi, ni karatasi tu. Maneno hayo nimeyaandika kwa mkono wangu. Halafu Michée akamwandika, akaandika na jina langu kwa vidole vyake, asijue ni nani, kwa sababu nilikuomba usimwambie. Siku chache baadaye katoni ikawa majivu, naye angekuwa amekwenda nayo, kama usingenigombeza.

Mambo ya vita nayajua. Kuanzia tarehe kumi na tatu Oktoba, mizinga ilipoanza, hadi leo ni siku nyingi, na Mboko iko barabarani. Usiniambie kitu ambacho hujakiona.

Bertrand


Kasenga, 17 Novemba 2002

Mwanangu,

Nilichoambiwa sikuandikii, nakuandikia nilichoona.

Barua yako niliisomea ofisini mbele ya Michée, yote, siri yako nimeivunja na sitakuomba msamaha. Alisimama akatoka nje. Nikadhani amekwenda kulia kama mimi. Kumbe amekwenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka Mboko. Pikipiki ilikubali kumfikisha Swima tu, mbele kulikuwa na kizuizi. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu. Amekaa siku tatu, na mimi siku hizo sikula vizuri.

Jana mchana wameingia wote. Mwanamke mwembamba, mrefu, mkono wa kushoto umeungua kuanzia kiwiko. Mtoto mgongoni, wa kike, miaka mitatu inakwenda. Mwanamke alibaki mlangoni. Nikamwambia kaa, akasema: "Hapana mama, munieleze kwanza. Iko muzima ao iko na kaburi?" Nikamwambia yuko mzima, anatengeneza mashini. Akauliza: "Ile radio ya baba alimalizaka kuitengeneza?" Ndipo akaketi, akafunika uso kwa kitenge.

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakungoja mtumbwi wa pili. Anasema alingoja. Risasi zilipoanza ukingoni, watu walikimbia kuelekea milimani wakamchukua. Hakukukasirikia. Hilo nimemuuliza mara mbili.

Mashini hatuna, ila Abbé amenunua katoni mpya, na maharage yake amesema yatalala kwake nyumbani. Nimeandika fishi mbili kwa mkono, yako na yake, nikifuata mpangilio wa kioo chako, juu mpaka chini. Ya kwake ina jina sasa. Nimezigeuza zinatazamana. Uzi ninao mezani, sijaufunga, unajua kwa nini. Frédéric anavuka kuja huku Jumatano asubuhi, njoo naye. Barabara nimeiulizia kwa watu watatu, inapitika.

Fishi yako ilikuwa na nafasi moja tupu, ile ya Wanamwita. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikamuuliza dada yako niandike nini. Akamtazama mtoto, na mtoto tangu Mboko amekuwa akifundishwa njiani anakwenda kumwona nani.

Nimeandika kama mtoto alivyosema: Mujomba wa Libérate.

Noella, Mama Eugène